Kona Isiyochanua

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kile kimeniacha, na ninakula vizuri hata kama hutaamini. Goti la baba linaendeleaje? Mwambie salamu zake zimenifika, na lile agizo la kunyoa ndevu pia limenifika, ila sijalifanyia kazi.

Mapazia yamefika! Yalikuja juzi yamefungwa kwenye magunia matatu, nikamsaidia dereva kuyashusha kwa mikono yangu mwenyewe ili asiyaburute. Tulipoyatundika bandani meneja aliingia ndani, akatuamuru tufunge mlango, akasimama katikati dakika tano nzima akitazama juu. Halafu akasema, "Sioni mkono wangu." Shangazi, yule mtu hajawahi kusifu kitu tangu nimjue. Kwake hayo ni makofi na vigelegele.

Uliniuliza maua gani haya yanayotaka kulazwa gizani. Yanaitwa krisanti. Mimi nilidhani kila mmea unataka jua tu, kumbe haya yanataka giza, na si giza la kuonja. Usiku ukiwa mfupi yanarefuka na kuongeza majani, basi. Ukiwa mrefu wa kutosha ndipo yanaacha majani na kuanza kutoa vitumba. Sasa wateja wa kampuni hawawezi kusubiri msimu, kwa hiyo tunayadanganya: saa kumi na moja jioni, jua bado kali, mimi navuta mapazia yako. Saa moja asubuhi nayafungua. Wenzangu bwenini wameshanibatiza Bwana Giza. Yanapimaje huo usiku, sijui. Sijafika huko kwenye kitabu.

Meneja amesema banda hili namba moja ndilo la majaribio. Likichanua vizuri, mabanda kumi na moja yaliyobaki utayashonea wewe. Nimekwambia usije ukasema sikukwambia.

Na ndiyo, ninasoma. Mtihani wa cheti cha kilimo ni Agosti, na meneja ndiye atakayeniandikia barua ya kuniruhusu kuufanya. Bweni letu ni karata na redio hadi watu wachoke, lakini nimejipatia mahali patulivu pa kusomea, usijali. Hata barua hii nimeiandikia huko.

Mwana wa kaka yako


19 Machi

Wewe Bwana Giza,

Marahaba. Goti la baba yako halina kitu, ni uvivu umeshuka ukakaa hapo. Akiitwa kula linapona. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, kichwa kimejaa nywele kama babu yake alivyokuwa zamani kabla kipara hakijamla. Sisi wengine tupo.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza mwenyewe, mara ya pili nikawasomea mafundi wangu. Ndiyo, mafundi wangu, umesikia vizuri. Nimewaajiri moja kwa moja wanawake wawili walionisaidia yale ya kwanza, kwa ajili ya mapazia ya mabanda hayo kumi na moja, maana meneja wako akiamka na kusema "lete" sitaki aanze kunisubiri. Mmoja ni Mama Pacha, yule wa nyumba ya pembeni, anaongea cherehani ikiwa inazunguka na ikiwa imesimama. Wa pili tunamwita Kimya, na jina linajieleza. Ndiye aliyeshona nami maungio yote. Ana mkono mzuri. Ukimpa kitambaa asubuhi, jioni unamkuta palepale, hajanyanyua uso, na mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula.

Usidhani ni kazi ndogo. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi! Hata mwenye macho manne angelia. Kila mshono tumeukunja na kuupiga mara mbili, halafu nikaufunika kwa utepe, kwa sababu uliniambia tundu la sindano tu linatosha kuleta balaa. Siku ya nane Mama Pacha aliniambia, "Mama, tukimaliza hii mimi nashona nyeupe tu mpaka nife."

Nina mche wa pilipili kwenye kopo, nimeuweka dirishani karibu na mashine. Umeinama wote kuelekea nje kana kwamba unamsikiliza mtu barabarani. Kila Ijumaa naugeuza, na ikifika Ijumaa nyingine umeshageuka tena. Kitabu chako kinasemaje?

Soma, nakuomba. Katika ukoo huu kila mtu ana kipaji cha kuanza kitu. Nataka nimwone mmoja aliyemaliza.

Shangazi yako, mwenye mafundi wawili


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kuandika, kazi imekuwa nyingi. Nimefurahi sana kwa mtoto. Afya yako ikoje? Unapata usingizi? Na baba?

Hapa tu wazima. Maua yametoa vitumba, banda zima, ni mazuri. Isipokuwa kona moja, upande wa nyuma, pale mapazia mawili yanapokutana. Huko hayajatoa kitu. Ni mimea kama mia mbili hivi au zaidi kidogo. Meneja alikuja kuangalia na anasema huenda kuna mwanga unaopenya. Bado wanachunguza, kwa hiyo usianze kuwaza.

Kuhusu pilipili yako, kitabu kinasema ni kawaida.

Naishia hapa, nimeitwa.

Mwana wa kaka yako


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani wote wazima, nitakupa habari zao siku nyingine.

Nimepata barua ya meneja wako. Imepigwa chapa, ina mhuri. Inasema kwamba "baada ya uchunguzi, imebainika kuwa mishono ya mapazia yaliyotolewa na fundi inapitisha mwanga katika sehemu ya maungio", na kwamba kampuni "haitaendelea na oda iliyobaki". Imenishukuru kwa ushirikiano. Ushirikiano, ala!

Nitakwambia nilichofanya. Nilichukua kipande kilichobaki cha kitambaa kilekile, chenye mshono uleule, nikatoka nacho uani saa sita mchana, nikajifunika kichwa gubigubi na kulitazama jua kupitia kwenye mshono. Mama Pacha akadhani nimerukwa na akili, akaita watu. Nikasimama hivyo mpaka jasho likanilowesha. Sikuona hata nukta. Giza tupu! Nikajifunua nikacheka, nikawaambia huyo meneja ana wazimu.

Halafu nikaketi, na kicheko kikanikauka.

Kuna jambo sijawahi kukwambia, wala baba yako halijui. Tangu mwaka jana si mimi ninayetunga uzi kwenye sindano. Namwita yeyote anayepita, nasema mikono ina mafuta, nasema nina haraka. Jicho la kushoto linaona kama dirisha lililopigwa mvuke. Basi mimi nitaapaje kwamba mshono haupitishi mwanga? Sikuona nukta, sawa. Lakini ningeiona ingekuwepo?

Sasa nakuomba kitu kimoja na sitaki kingine. Wewe una macho mazima, na uko palepale. Ingia bandani mchana, funga, simama chini ya maungio yale, uangalie. Kisha uniambie ukweli ulivyo, usinipake mafuta. Nikijua ni kazi yangu nitakubali. Sitaki kuwa mmoja wa wale mafundi wazee ambao wateja wanawaonea haya kuwaambia.

Nangoja.

Shangazi yako


3 Juni

Mwanangu,

Wiki nne sasa. Barua ilipotea? Unaumwa? Dada yako anasema huenda ni mtihani, nami nimeamua kumwamini, maana vinginevyo nitaanza kuwaza mambo ya ajabu.

Ila kunyamaza kwako nimekuelewa. Uliangalia, ukaona, ukashindwa kuniandikia. Wewe tangu mdogo hukuwa mtu wa kumuumiza mtu usoni. Usijisumbue, mwanangu. Nimeshakubali.

Mafundi nimewaachisha kazi. Mama Pacha alilia, akaacha kulia, akaomba chai. Kimya tuliachana vibaya. Ni mambo ya wanawake kazini, hayakuhusu.

Cherehani nimeifunika shuka. Kinyozi wa mtaa wa pili anaitaka kwa ajili ya mke wake na nimempa neno langu: ataichukua tarehe ishirini Julai, mke akirudi safari. Miaka thelathini na moja nimekaa mbele ya mashine ile. Lakini fundi asiyeona anachokishona anamwibia mteja, na mimi si mwizi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni barua yangu ya kuomba radhi kwa meneja wako. Nimeiandika mara tatu kwa sababu mistari ilikuwa inapanda juu ya mistari. Isome kwanza, unirekebishie lugha, umpe kwa mkono. Nimeandika humo kwamba wewe hukuwa na kosa, uliniamini tu kama mtoto anavyomwamini shangazi yake, na wasikuhesabie hilo wakati wa kukuandikia barua yako ya mtihani.

Nami nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya wakubwa wako.

Shangazi


14 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua zako zote mbili nimezipata, ilikuwa kazi na masomo, ndiyo maana nikachelewa. Wote hapa wazima. Hali ya hewa nzuri. Mpe mtoto busu langu, na baba mwambie nimenyoa.

Usijilaumu sana, shangazi. Mambo ya mimea yana sababu nyingi, huwezi kusema ni hiki au kile. Na barua yako ya meneja nimeipokea. Imeandikwa vizuri, haihitaji kurekebishwa.

Ile pilipili yako nimeisoma vizuri sasa. Watu wanadhani mmea unaufuata mwanga kama mtu anavyomfuata mtu. Si hivyo. Kuna kitu ndani ya shina kinachokuza, na mwanga ukija upande mmoja, kitu hicho kinahamia upande wa kivulini. Basi upande wa kivulini unarefuka kuliko mwenzake, shina linapinda, na kilele kinajikuta kimeuelekea mwanga. Kwa hiyo kazi yote inafanyika gizani, huko ambako hakuna anayeangalia. Na si mimea peke yake. Kuku naye hutaga kwa kufuata urefu wa siku, na mende naye, ukiwasha taa, kabla hujatoa mkono kwenye swichi ameshaondoka. Vitu vyote vilivyo hai vina namna yake ya kujua kama kuna mwanga, hata visivyo na macho.

Kuhusu cherehani, ningekuwa wewe nisingefanya haraka.

Mwanao


30 Juni

Marahaba.

Umeniandikia habari za pilipili, kuku na mende. Nimezisoma zote kwa jicho moja. Swali langu la Mei halimo. Nilikuuliza kama umesimama chini ya mshono ukaangalia, ndiyo au hapana. Umesema barua yangu ya meneja umeipokea. Sikukuuliza kama umeipokea, posta najua inafanya kazi. Nilikuuliza kama umempa.

Unajitia hamnazo, nami sijui kwa nini. Kama unanionea huruma, ifunge kwenye karatasi uirudishe.

Kinyozi ni tarehe ishirini. Halibadiliki.

Shangazi yako


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za nyumbani, maana nikianza kuuliza nitajificha humo mpaka karatasi iishe.

Mshono wako hauna kosa. Hauna hata kidogo. Kona ile niliiharibu mimi.

Nilikwambia nimepata mahali patulivu pa kusomea. Mahali penyewe ni ndani ya banda. Kila usiku wenzangu wakianza karata nilichukua taa ya kuchaji na kitabu, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapanga kreti mbili pale konani, moja ya kukalia na moja ya kuwekea taa. Nilikaa humo saa mbili, wakati mwingine tatu. Palikuwa pakavu, pana joto, na harufu ya majani mabichi. Nilisoma vizuri kule kuliko nilivyowahi kusoma popote. Hata barua yangu ya Machi niliiandikia pale. Nilijua mimea inataka giza, lakini nilidhani ni kama mtu na usingizi: ukimwamsha kidogo anageuka upande wa pili na kulala tena. Taa yenyewe ndogo, nikasema, itamsumbua nani.

Katikati ya Aprili nilifika sura ya sita. Inasema krisanti haihesabu mchana, inahesabu giza lisilokatika. Ukikatiza usiku kwa taa, hata kama si kali, mmea unahesabu kana kwamba umepata usiku mfupi mara mbili, na kwa usiku mfupi hautoi ua. Niliisoma sentensi hiyo, shangazi, kwa taa hiyohiyo, nikainua uso, nikatazama mimea iliyonizunguka. Yote ilikuwa majani. Mirefu, minene, kijani kibichi, yenye afya kuliko banda zima, na haina kitumba hata kimoja. Nilizima taa nikakaa gizani sijui muda gani.

Ningesema kesho yake, leo tusingekuwa hapa. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu meneja akaja mwenyewe, akasimama pale akakuna kichwa, akaniuliza, "Wewe ndiye mtu wa mapazia. Unadhani ni nini?" Kona ile ndipo mapazia mawili yanapoungana. Nikaangalia juu. Nikasema, "Labda mshono." Ni maneno mawili tu. Sikuyapanga, yalitoka kama yalikuwa yananisubiri mdomoni. Yeye akaangalia juu, akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Nilijiambia "labda" si uongo. Nilijiambia watakushonesha upya kidogo, basi. Halafu mhuri ukapigwa.

Barua yako ya Mei niliitii siku niliyoipata. Niliingia mchana, nikafunga, nikasimama chini ya maungio nusu saa, jua liko utosini. Hakuna nukta. Macho yangu mazima hayakuona kitu, kama ambavyo yako hayakuona kitu. Wewe uliona sawa, shangazi! Nikarudi bwenini nikashika kalamu, nikashindwa, kwa sababu jibu la swali lako lilikuwa linazaa swali jingine.

Halafu ikaja barua ya radhi. Umeniombea msamaha kwa mtu ambaye nilikusingizia mbele yake. Iko ndani ya kitabu, sijampa, nisingeweza kumpa. Kila nikifungua kusoma naiona mistari inavyopanda juu ya mistari.

Wiki iliyopita niliamriwa kung'oa kona ile. Niling'oa peke yangu, mimea mia mbili na kumi na nne. Juzi ikaja barua yako ya kinyozi. Leo asubuhi nimekwenda kwa meneja nikamwambia yote. Mwanzoni hakuamini. Akasema, haiwezekani, mlinzi wa usiku anazunguka kila saa, taa ingeonekana. Akamwita mlinzi. Mlinzi akaapa kwamba kwa wiki zote hizo amepita ukutani kabisa, mkono unagusa pazia, na hakuona mwanga hata wa sindano. Meneja akanitazama mimi, akamtazama mlinzi, akakaa. "Basi mapazia yale hayana kasoro," akasema. Shangazi, taa iliwaka ndani ya kazi yako wiki sita na hakuna mtu nje aliyejua. Ndivyo ulivyoshona.

Nimeondolewa kwenye mapazia, sasa ninaosha ndoo. Barua ya mtihani hatanipa mwaka huu. Hilo ni langu. Yeye amekuandikia, karatasi yake iko humu, ina mhuri uleule. Lakini nisikudanganye tena: mabanda kumi na moja yameshanunuliwa mapazia ya kiwandani. Oda hiyo haitarudi.

Usimpe kinyozi mashine. Nakuomba, hata kama hutaki kusikia sauti yangu tena.

Sijui nitie sahihi gani.


24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mzima, dada yako mzima, mtoto ameota jino. Hizo ndizo habari za nyumbani, na nakuagiza kwamba hata siku mbaya uzitangulize, maana ndizo zinazotukumbusha kuwa sisi ni watu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye maneno yako mawili nilikaa chini, palepale kizingitini, watu wakanipita. Kinyozi alipokuja tarehe ishirini nilimwambia mashine haiuzwi. Akasema nilimpa neno. Nikasema ndiyo, nami ninalirudisha, utanisamehe. Amenuna, nadhani mpaka leo.

Nikwambie ninavyojisikia? Nimekasirika mpaka meno yananiuma. Ile taa ningekusamehe kabla ya chai. Umefanya kosa la mtu anayesoma, na mimi ndiye niliyekuwa nakupigia kelele usome. Lakini miezi mitatu, wewe mtoto! Miezi mitatu nimeamka nikiangalia mikono hii kama ya mtu nisiyemjua. Nimeacha hata kukata mboga mbele ya watu. Na wewe ulikuwa na dawa yangu mfukoni, ukanitumia habari za mende.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuchapa vizuri na kulala. Siwezi, kwa sababu nami nina langu.

Nilikwambia niliachana vibaya na Kimya, nikasema hayakuhusu. Barua ya meneja ilipofika, kabla sijajifunika kitambaa, kabla sijafikiria macho yangu, nilimgeukia yeye. Mama Pacha yupo, wateja wawili wapo. Nikamwambia, hii ni kazi ya mkono wako, wewe usiyejua hata kusema kwamba hujui kazi. Nilimwambia hivyo mwenye mkono mzuri kuliko wangu. Yeye akaweka mkasi mezani, akakusanya vitu vyake, akatoka. Baadaye nilipoanza kujilaumu mwenyewe, sikwenda kumwambia. Niliona haya. Nikakuandikia wewe kurasa za kukubali kosa, nikajiona mwanamke mwadilifu, na yule niliyemtukana anakaa nyumba ya sita kutoka kwangu.

Kwa hiyo usidhani maneno yako mawili sikuyafahamu yalitoka wapi. Nayajua sana. Yangu yalikuwa mengi zaidi na yalikuwa na watazamaji.

Jumapili nilikwenda. Nilichukua karatasi ya meneja yenye mhuri, nikagonga. Alifungua, akasimama mlangoni. Nikamsomea yote, nikamweleza habari za taa yako, za macho yangu, na za ulimi wangu. Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama juani. Alinisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akasema, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja, "Mama, mimi watu wawili wamekataa kunipa kazi kwa sababu yako." Akafunga mlango polepole. Hakunikaribisha ndani, nami sikustahili.

Kesho nakwenda kwa hao watu wawili, mmoja baada ya mwingine, na Mama Pacha nitamchukua awe shahidi, maana yeye ndiye redio ya mtaa na safari hii nataka itangaze. Wiki ijayo ninakwenda kwa daktari wa macho. Dada yako anasema ni mtoto wa jicho, watu wanakatwa na wanaona. Tutasikia.

Sasa wewe. Ukipata likizo kwenye ndoo zako, uje. Hutasimama juani, mlango wangu utafunguka, wewe ni damu yangu na sina mwingine wa kumgombeza hivi. Lakini usilete zawadi. Usinieleze shina linavyopinda. Keti chini uniulize miezi ile mitatu nilikuwa nalalaje, halafu nyamaza, unisikilize mpaka nimalize.

Shangazi yako